Anasa za Mtu wa Makamo

Tangu mwezi wa Januari mwaka 2023 watumishi wa serikali ya Rwanda huingia kazini saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, na watoto wa shule huanza masomo saa mbili na nusu, kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri uliotangazwa mwezi wa Novemba wa mwaka uliotangulia. Na miongoni mwa sababu zilizotajwa wakati ule, pamoja na ubora wa elimu na tija ya kazi, ilikuwamo hii ya kwamba jamaa za nyumba moja zipate wasaa wa kuwa pamoja. Sikumbuki serikali nyingine ya Afrika ya Mashariki, katika uhai wangu, iliyokaa ikashauriana na kukata shauri, kwa maandishi na muhuri, kwamba raia wake wanahitaji kunywa chai bila kuungua ulimi. Mawaziri hawakuandika neno chai, hilo nalikubali. Lakini mimi, niliye mwalimu wa chuo mjini Kigali na niliyekwisha kuwa mtu wa makamo, mwenye mvi za kutosha kuitwa mzee na vijana wa sokoni na zisizotosha kuitwa hivyo na wazee wenyewe, niliusoma uamuzi ule kama waraka ulioandikwa kwa ajili ya buli langu.

Tumezoea kuzihesabu raha ndogo za kila siku, kikombe cha asubuhi, mwendo wa miguu chini ya miti, mchezo wa jioni pamoja na majirani, kuwa ni siri ya mtu na nafsi yake, jambo ambalo mwenye moyo wa shukrani hulipata popote alipo na mwenye moyo wa manung'uniko halipati hata akihamia peponi. Wahubiri husema hivyo, na vitabu vya kuliwaza vinavyouzwa katika viwanja vya ndege husema hivyo kwa bei kubwa zaidi. Rai yangu ni nyingine. Raha hizi hutengenezwa na watu wengi, kwa jasho na kwa kanuni, kama yanavyotengenezwa mabomba ya maji. Zina mafundi wake na wanyang'anyi wake, na mji wowote unaotaka watu wake waishi kwa siha hauna budi kuzishughulikia kwa uzito uleule unaoushughulikia umeme.

Naishi Nyamirambo, ubavuni mwa Mlima Kigali, katika nyumba ambayo dirisha lake la jikoni hutazama bonde. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na mtu wa pwani aliyepandishwa kwenye mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hujifunza upya mambo aliyodhani ameyamaliza utotoni, kama vile kuvaa fulana ya sufi na kuthamini mvuke unaotoka katika kikombe. Asubuhi za masika ukungu huwa umelala bondeni kwa namna ambayo vilima vya ng'ambo huonekana vimekatwa miguu, na kwarara hupita juu ya mapaa wakipiga kelele zao zisizo na adabu, kelele ambazo mke wangu huzilaani na mimi huzipenda kwa sababu ndizo saa yangu ya kuamkia. Chai yetu ni ya maziwa na tangawizi nyingi, imechemshwa pamoja hadi ikaiva rangi ya udongo wa mlima. Maana nchi hii, iliyopandiwa kahawa tangu mwaka 1904 na wamisionari wa Mibirizi, na ambayo kahawa yake husifiwa na wanywaji wa ng'ambo kwa maneno ambayo sisi huyaweka kwa ajili ya manukato, kwa muda mrefu imekuwa ni nchi ya watu wanaouza kahawa na kunywa maziwa. Katika hili, mgeni mimi nimesilimu kabisa.

Lakini kabla sijafikia kikombe cha kwanza, barabara iliyo mbele ya nyumba huwa imekwisha kufagiliwa. Wafagiaji wa Kigali, ambao wengi wao ni wanawake, hutoka gizani na fagio zao ndefu na vizibao vinavyong'aa mbele ya taa za gari, na kwa kazi yao mji huu umepata jina la unadhifu katika midomo ya wasafiri wote. Na tangu mwaka 2008, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, uchafu wanaouokota ni majani zaidi kuliko takataka. Mimi hutembea kwenda kazini kwa sababu njia ni safi, ina kijia cha watembea kwa miguu, ina miti na ina taa. Lau ingekuwa haina hayo ningepanda pikipiki kama wengine, na fadhila yote ninayojidai nayo ya kupenda kutembea ingekwisha siku hiyohiyo. Ndiyo maana sitaki kusifiwa kwa raha zangu. Wasaa ule wa asubuhi tulioongezewa sisi wa maofisini haukumfikia mwanamke mwenye fagio, kwani ili sisi tukute barabara imekwisha kufagiliwa yeye lazima awe ameamka usiku, na wala sijasikia baraza lolote likikaa kuzungumza juu ya chai yake.

Njia yangu hushuka kupitia Biryogo, mtaa ambao Waswahili waliwekwa zamani za Wabelgiji, wengi wakiwa ni wajukuu wa askari, makarani na wachuuzi waliopanda kutoka pwani na Kigoma wakati wa Wadachi, hapo mji wenyewe ulipokuwa bado kambi ndogo aliyoianzisha Richard Kandt mwaka 1907. Siku hizi baadhi ya njia za mtaa huo zimefungwa magari, zimepakwa rangi na kuwekwa meza, na watu huketi katikati ya barabara wakinywa chai kwa chapati kana kwamba magari hayajapata kubuniwa. Hapo hupata raha ambayo mtu aliyebaki kwao hawezi kuijua, raha ya kuamkiwa kwa lugha ya mama katika nchi ya watu. Kijana wa chapati huniambia, "Shikamoo Mwalimu," nami humwitikia marahaba, kisha yeye humgeukia mteja wa pili kwa Kinyarwanda na wa tatu kwa Kifaransa, mikono yake isiache kusukuma unga. Bunge la Rwanda lilipokipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, wenzangu wa chuoni waliandaa mijadala; Biryogo hawakuandaa kitu, walikuwa na wateja.

Mchana hula kidogo, kwa amri ya daktari, na saa nyingine chakula changu chote huwa ni ikivuguto, maziwa ya mgando ambayo huuzwa katika maduka yasiyouza kitu kingine isipokuwa maziwa na vitafunwa vya kusindikizia. Hutekwa baridi kutoka kwenye pipa la chuma, huletwa katika bilauri kubwa yenye mkono, na mtu huketi akanywa bila kuongea sana, maana ni mazito na huacha alama juu ya mdomo ambayo haipatani na heshima ya shahada. Nimewaona katika duka moja hakimu, dereva wa pikipiki na mwanafunzi niliyemfelisha, wote wana masharubu meupe. Wageni wanaopitishwa katika mahoteli ya mtaa wa Kiyovu hawaijui Kigali hii, nao hurudi makwao wakiwa wameona milima tu.

Mtu anaweza kuuliza kama ni jambo la kufaa kwa msomi kuandika gazetini juu ya maziwa na chapati, ilhali kuna mambo mazito ya dunia. Namwelekeza kwa Padri Alexis Kagame, mwanahistoria na mwanafalsafa mkubwa kuliko wote waliopata kuzaliwa katika nchi hii, ambaye mwaka 1956 alitoa kitabu juu ya falsafa ya kuwapo kwa viumbe katika fikra za Wanyarwanda, kitabu kinachosomwa na kubishaniwa hata leo; na kalamu hiyohiyo, mwaka 1949, ilikuwa imetoa utenzi mrefu wa Kinyarwanda, Indyohesha-birayi, wa kumsifu nguruwe na ladha anayoitia katika viazi, kwa mtindo wa fahari uliokuwa ukitumiwa kuwasifu wafalme na ng'ombe wao. Mimi, kwa dini yangu, sina la kuongeza juu ya nyama hiyo. Lakini naiheshimu akili iliyoona kwamba shibe ya mlimani inastahili tungo zilezile za ikulu, na naona kwamba mtu asiyeweza kumcheka nguruwe hafai kuaminiwa haraka juu ya falsafa.

Darasani nako kuna raha, ingawa huko huja kwa nadra na bila kubisha hodi. Nafundisha jiografia. Sehemu kubwa ya kazi yangu ya makamo ni kusahihisha, na kusahihisha katika zama hizi, ambapo mashine huandika insha laini zisizo na kosa wala mwenyewe, kumekuwa ni kazi ya kutafuta mtu ndani ya karatasi. Muhula uliopita binti mmoja kutoka Nyamagabe, akieleza matuta yanayozuia mmomonyoko wa ardhi, aliandika kwamba bibi yake aliyachukia matuta yale mwaka wa kwanza kwa sababu yalimlazimisha kupanda mlima wake kwa kupinda, naye alikuwa amezoea kuupanda kwa kunyooka. Niliweka kalamu chini. Hakuna mashine iliyomjua bibi yule, wala hakuna kitabu nilichokisoma kilichonieleza kwa maneno machache hivyo kwa nini mipango mizuri ya wizara hukawia kukubalika. Alama nilizompa zilikuwa nyingi, nami nilikwenda nyumbani nikiwa nimetajirika kuliko yeye.

Wenzangu wa umri wangu hapa wana raha ya lugha ambayo huniacha nyuma. Walisoma kwa Kifaransa, wakaandika tasnifu zao kwa Kifaransa, kisha mwaka 2008 serikali ilipoamua kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza, wakajifunza upya wakiwa watu wazima, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakiwasahihisha matamshi. Leo katika chumba cha walimu kikao huendeshwa kwa Kiingereza, lawama hutolewa kwa Kifaransa, mzaha ni wa Kinyarwanda, na mishikaki ya mbuzi huagizwa kwa Kiswahili.

Kuna jambo jingine juu ya wenzangu hawa ambalo mgeni hana budi kulisema kwa staha au kulinyamazia. Mtu wa makamo katika Rwanda alikuwa kijana mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari. Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare, kilichofunguliwa mwaka 1963, kilipoteza walimu na wanafunzi wengi katika miezi ile, kikafunga, kikafungua tena milango yake mwaka 1995 na viti vitupu; na pale Gisozi, ng'ambo ya bonde, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili tafrija husimama kwa juma zima, muziki wa starehe hausikiki, na hata Nyamirambo yetu yenye kelele hunyamaza. Kwa hiyo mtu asije akadhani kwamba raha ndogo hapa ni upuuzi wa walioshiba. Mwenzangu mmoja, ambaye tumepakana naye meza, ana ratiba ya starehe iliyo kali kuliko ratiba ya mihadhara yake: saa kumi kamili hushuka kunywa maziwa, Jumatano hununua maua, na hakuna mkuu wa idara aliyepata kumfanya akose mojawapo. Hakunieleza sababu, nami sikumwuliza. Ninachojua ni kwamba yeye hazichukulii raha zake kama mabaki ya kazi. Hujipangia kwanza hizo, kisha kazi hufuata, na kazi yake ni bora kuliko yangu.

Nikirudi jioni hupita kwa fundi cherehani ambaye kibaraza chake ndicho klabu yangu. Hapo kuna ubao wa igisoro, wenye safu 4 za mashimo 8 na kete 64, ambao mtu wa Tanga akiuona hudhani amefika kwao, kisha huketi, hucheza, na huaibishwa. Mimi nimelelewa katika bao la Kiswahili, ambalo mchezaji huanza akiwa na kete zake nyingi mkononi, akinamua moja moja, akiwa na nyumba ya kulinda na nafasi ya kupanga hila. Igisoro haina namua, kete zote ziko uwanjani tangu mwanzo, na mwenye kukawia kufikiri huliwa akiwa bado anajikuna kichwa. Fundi huwa anashona huku anacheza. Hupiga mguu cherehani, hufika ukingo wa mshono, hunyosha mkono, hutawanya kete kwa mwendo mmoja hata jicho lisifuate, hurudi kwenye kitambaa, nami hubaki nikihesabu hasara. Nilipoomba siku moja turudie mchezo nilioupoteza kwa bahati mbaya, kama nilivyodai, alinitazama juu ya miwani akasema, "Mwalimu, hapa hatuna mtihani wa marudio." Watu wote kibarazani walicheka, na katika siku yangu nzima, iliyojaa watu wanaoniita profesa na kuninyenyekea kwa sababu ya alama ninazotoa, hapakuwa na neno lililonipendeza kuliko lile. Mtu wa makamo aliye na cheo ana haja kubwa ya mahali pa kushindwa bila madhara. Nasema tena, mahali hapo pana gharama: pana kibaraza ambacho mwenye duka hakukijengea ukuta, pana taa ya barabara, pana usalama wa kumruhusu mzee kurejea kwake saa tatu usiku kwa miguu.

Sasa nije kwa wanyang'anyi. Wasaa ule tuliopewa mwaka 2023 unaliwa, nami nimewaona wanaoula. Wa kwanza ni simu, ambayo huleta ujumbe wa idara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na aliyeuandika hutaraji jibu kabla hujavua kandambili, kwa hoja kwamba maadamu umeamka umekwisha kuingia kazini. Wa pili ni sisi wenyewe na njaa yetu ya kipato. Vyuo vingi vya Kigali hufundisha jioni na mwisho wa juma, kwa ajili ya wanafunzi walio kazini mchana, jambo jema na la haki kwao. Lakini mwalimu mmoja hukimbilia chuo cha pili, na cha tatu, hata akatoa mihadhara mitatu katika siku moja juu ya somo moja, akiwa hakumbuki ni kundi gani alilolieleza nini. Nimekataa masomo ya jioni, na jamaa wameniona mvivu, au mwenye fedha ya siri. Sina fedha ya siri. Nina watoto wawili wanaohitaji karo, na najua kwamba mwenzangu mwenye watano hana uhuru huo wa kukataa. Kwa hiyo lawama yangu haimwendei yeye, yawaendea waajiri wanaopanga mishahara kana kwamba mwalimu ni mashine isiyohitaji jioni.

Jioni ya mtu ni mali ya umma kuliko wanavyodhani. Shaaban Robert, mtu wa kwetu Tanga, alikuwa mtumishi wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, na riziki yake ilitokana na kazi ya ukarani, haikutokana na tenzi. Lau mabwana wake Waingereza wangalikuwa na njia ya kumwandikia ujumbe kila baada ya magharibi wakimwuliza habari za mizigo, sijui ni vitabu vingapi vingalipotea, wala nani angalijua kuvililia.

Na wa tatu katika wanyang'anyi, nisamehewe, ni kanuni zenyewe zinazotupatia unadhifu. Jiji limekataza biashara ya kutembeza barabarani, na anayenunua huadhibiwa pamoja na anayeuza. Nafahamu sababu zake; nimeishi katika miji ambayo njia za miguu zimegeuka maduka na mpita njia amefukuzwa katikati ya magari, na natambua kwamba yamejengwa masoko madogo ili wachuuzi wapate pa kuketi kihalali. Hata hivyo, mwanamke mwenye sinia la karanga na yule mwenye ndizi kichwani walikuwa ni mafundi wa raha kama alivyo mfagiaji, na soko dogo lililo juu ya kilima halimfikii mtu anayetembea bondeni mwenye hamu ya karanga za kukaanga za bei ya sarafu moja. Mji ulioweza kufundisha maelfu ya madereva wa pikipiki kumvisha kila abiria kofia ya chuma hauwezi kushindwa kumpa mchuuzi mahali na saa yake.

Tena nafasi ipo tayari. Tangu mwaka 2016 Kigali hufunga barabara zake kubwa kwa magari katika Jumapili maalumu, siku hizi mara mbili kwa mwezi, ili watu wakimbie na kutembea. Na kando ya njia huwapo meza ambapo sisi wa makamo hupimwa sukari na shinikizo la damu bila malipo, tukajua namba zetu mbele ya majirani. Ombi langu kwa Jiji ni kwamba katika Jumapili hizo mbili, kwa saa zilezile ambazo barabara zimefungwa, wachuuzi waruhusiwe kuketi kando ya njia na karanga, ndizi na mahindi ya kuchoma, kila mmoja na kibali chake na pipa lake la takataka. Baada ya meza ya vipimo, tafadhali, si kabla yake. Makaa mchomaji atayaleta mwenyewe. Chumvi anayo, na wenyeji hapa hutembea na kichupa cha Akabanga, mafuta makali ya pilipili, mfukoni, matone mawili kwa hindi moja. Kwa mtu wa Tanga, tone moja linatosha.